Shaba ya Warumi Ilivyonifundisha Kusoma Fedha

Nimekuwa keshia wa benki, nimekuwa karani wa hesabu ughaibuni, na sasa ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Tanga. Tangu usichana kazi yangu ni kushika fedha za watu wengine. Hata hivyo, kwa miaka mingi sarafu nilikuwa naipima tu, siitazami. Benki hakuna anayehesabu sarafu moja moja: unamimina mfuko kwenye mizani, jumla inatokea, unaandika, unafunga. Heshima yote ni ya noti. Noti hupangwa, hufungwa mabunda, hutiwa saini. Sarafu ni chenji, na mteja anayeleta mfuko wa chenji dakika chache kabla ya kufunga dirisha hapokewi kwa tabasamu.

Ushuhuda wangu ni wa namna nilivyobadilika katika jambo hilo, na walionibadilisha ni Warumi wa kale. Wanakikundi wenzangu wakisikia hivyo hucheka. "Dada, Roma na Ngamiani yetu hapa Tanga wapi na wapi?" Huwajibu kwamba shida za fedha ndogo ni zile zile popote penye soko, na Warumi wameziacha zao ardhini, zimeandikwa juu ya shaba, kila anayetaka azisome.

Nilianza kuzisoma nilipokuwa Uingereza, upande wa magharibi, si mbali na mji wa Bath. Mji huo una chemchemi ya maji ya moto, na Warumi walipoitawala nchi ile walijenga hapo mabafu na hekalu la mungu wa kike waliyemwita Sulis Minerva. Waabudu walimtupia sadaka majini. Wachimbaji wa mambo ya kale wametoa katika chemchemi ile sarafu zaidi ya 12,000, na nyingi ni za shaba. Nilikwenda kutalii tu na watu wa kanisani kwetu, nikatoka na maswali. Baadaye, katika jumba jingine la makumbusho la mkoa ule, nilikuta meza ambayo wageni huruhusiwa kushika vitu. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa akijitolea pale alinipa sarafu ya Kaisari Hadrianus iitwayo sesterti. Mkono wangu ulishtuka. Sesterti nzima huwa na gramu kama 25, uzito wa sarafu mbili za pauni mbili za Uingereza zikiwekwa pamoja. Kisha akaniwekea sarafu ya pili kiganjani, ndogo kama kifungo cha shati, ya miaka ya 350 baada ya Kristo. Hiyo ilikuwa na gramu mbili na ushei.

Keshia akiona hesabu ya jioni haifanani na ya asubuhi huuliza swali moja tu: shoti imetoka wapi? Ndilo nililojiuliza. Dola ilikuwa ile ile, na makaisari bado walijiita Augustus. Kati ya sarafu zile mbili ilikuwa imepita miaka kidogo zaidi ya 200. Nani alikula shaba iliyobaki? Nilianza kusoma ili nijibu hilo, na bado ninasoma.

Warumi hawakuanza na sarafu. Walianza na mabonge ya shaba yasiyo na umbo wala chapa, yakipimwa kwenye mizani kila biashara ilipofanyika. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo wakaanza kumimina shaba katika kalibu na kutengeneza sarafu nzito mno, iitwayo asi. Asi ya mwanzo ilikuwa na uzito wa ratili nzima ya Kirumi, kama gramu 325. Ile iliyokuja kujulikana zaidi ilikuwa na Janus, mungu wa nyuso mbili, upande mmoja, na omo ya meli upande wa pili. Asi iligawanywa katika wakia 12, na vipande vyake viliwekwa alama za vidoto: kimoja kwa wakia moja, viwili kwa wakia mbili, vitatu kwa robo, vinne kwa theluthi. Mchuuzi asiyejua kusoma aliweza kuhesabu kwa kidole gumba. Hapo ndipo nilipoanza kuwaheshimu watu wale. Aliyebuni vile vidoto alimfikiria mtu wa chini sokoni.

Halafu vita vikaja. Hannibal aliingia Italia mwaka 218 kabla ya Kristo, na Roma ikawa inalipa majeshi na kujenga meli kuliko uwezo wa hazina yake. Asi ikaanza kupungua. Karibu mwaka 211 ilikuwa na wakia mbili tu, sehemu moja ya sita ya uzito wake wa mwanzo, na wakati huo huo ikatolewa sarafu mpya ya fedha, dinari, iliyohesabiwa asi 10. Baadaye dinari ikawa asi 16. Kufikia mwaka 90 kabla ya Kristo sheria iliishusha asi hadi nusu wakia. Jina ni lile lile, uzito ni sehemu ya 24. Vita vililipwa na wengi, na sehemu ya ankara ilipitia katika sarafu ya shaba bila mtu kutangaziwa kodi yoyote.

Augustus, kaisari wa kwanza, ndiye aliyepanga nyumba upya, katika miaka ya 20 kabla ya Kristo. Sesterti na nusu yake, dupondi, zikatengenezwa kwa shaba ya njano, yaani shaba yenye zinki. Asi na robo yake, kwadrani, zikatengenezwa kwa shaba nyekundu. Asi 4 zilifanya sesterti moja, sesterti 4 zilifanya dinari moja, na dinari 25 zilifanya sarafu moja ya dhahabu. Nyingi za hizo za shaba zilibeba herufi S C, ishara ya uamuzi wa Seneti. Huo ulikuwa mpangilio wa kukaa, na ulikaa zaidi ya miaka 200.

Niliposhika mpangilio huo kichwani, Injili niliyoisikia tangu Shule ya Jumapili ilibadilika machoni pangu. Vibarua wa shamba la mizabibu walikubaliana dinari moja kwa siku. Mathayo anasema shomoro wawili waliuzwa kwa asi moja, yaani sehemu ya 16 ya ujira wa siku ya kibarua. Marko, akimweleza yule mjane aliyetoa sarafu mbili hekaluni, anaongeza kwamba thamani yake ni kwadrani moja. Kwadrani 64 ndizo zinazofanya dinari. Na kwadrani moja hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa kiingilio cha kawaida cha bafu la umma mjini Roma. Kwa hiyo riziki yote ya mama yule ilitosha mtu mmoja kuoga mara moja. Nilikuwa nimesikia mahubiri mengi juu yake, lakini sikuwahi kujua alitoa kiasi gani. Keshia mzima!

Nilianza kuona bei kila mahali. Mjini Pompeii, uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79, kuna maandishi ukutani yanayowatangazia wanywaji kwamba kwa asi moja watapata kinywaji, kwa asi mbili kilicho bora, na kwa asi nne divai ya Falerno, iliyosifiwa kuliko zote. Mwanahistoria Tacitus anasimulia kwamba Augustus alipofariki mwaka 14, askari wa jimbo la Pannonia waliasi wakilalamika kuwa mwili na roho zao vinathaminiwa kwa asi 10 kwa siku, wakadai dinari kamili. Ukifanya hesabu, walikuwa wakidai nyongeza ya asi 6. Kwa asi 6 majeshi yaligoma na dola ikatetemeka.

Kuna upande mwingine wa sesterti uliokigusa zaidi kiini cha kazi yangu. Kwa ukubwa wake, ilikuwa na nafasi ya picha, na makaisari waliitumia kuzungumza na watu. Dhahabu ilikwenda kwa wakubwa, shaba ilikwenda mikononi mwa muuza mboga. Nerva, aliyetawala tangu mwaka 96 hadi 98, alitoa sesterti yenye nyumbu wawili wakila majani na gari limeegeshwa nyuma yao. Ujumbe wake ni kwamba raia wa Italia wameondolewa mzigo wa kugharamia usafiri wa wajumbe wa serikali. Asiyejua kusoma angewaona nyumbu waliofunguliwa na angeelewa.

Hadrianus alikwenda mbali zaidi. Mwaka 118 alifuta madeni ya watu kwa hazina ya dola, jumla sesterti milioni 900, na hati za madeni hayo zikachomwa hadharani katika uwanja wa Trajanus mjini Roma. Sesterti iliyotolewa kuadhimisha tukio hilo inamwonyesha mtumishi akishika mwenge na kuziwasha hati, raia wakitazama, na kiasi chenyewe kimeandikwa pembeni. Mimi niliyezoea kuona msamaha wa madeni umefichwa katika aya ndogo za ripoti nilikaa nikiitazama picha ya sarafu ile kwa muda mrefu. Serikali imesamehe, imetaja tarakimu, na imeiweka mkononi mwa mdaiwa.

Sasa rudi kwenye ile sarafu ndogo. Nayo ina maneno. Ilianza kutolewa mwaka 348, na maandishi yake ya Kilatini yanatangaza kwamba nyakati za heri zimerejea. Picha yake ni askari wa Kirumi akimchoma mkuki adui aliyeanguka na farasi wake. Ilipoanza ilikuwa na gramu kama 5. Katika miaka michache ikapungua hadi nusu yake, huku maneno ya heri yakibaki pale pale na mkuki ule ule ukichoma. Hiyo ndiyo sarafu iliyonibadilisha. Niliielewa papo hapo kwa sababu nimekaa dirishani mwa benki: mteja hasomi bango lililo juu ya kichwa changu, anahesabu alichopewa.

Na shoti ilitoka wapi? Sehemu kubwa ya jibu iko katika karne ya 3. Vita mipakani na makaisari waliopinduana viliifanya serikali ihitaji sarafu nyingi kuliko madini yaliyokuwepo. Dinari ya Augustus ilikaribia kuwa fedha tupu. Chini ya Kaisari Septimius Severus fedha ilibaki kama nusu. Mwaka 215 Kaisari Caracalla alitoa sarafu mpya ambayo wataalamu wengi huihesabu kuwa dinari 2, na kufikia miaka ya 260 sarafu hiyo ilikuwa na fedha chini ya asilimia 5, iliyobaki ni shaba. Hapo piga hesabu kama keshia. Sarafu ya gramu tatu hivi, karibu yote shaba, ilisimama mahali pa sesterti 8. Lakini sesterti 8 za shaba halisi zilikuwa na uzito wa gramu 150 au zaidi. Nani mwenye akili angezitoa sesterti zake dukani badala ya kuziyeyusha? Ndivyo ilivyokuwa. Postumus, aliyejitawaza huko Galia na Britania, alizichukua sesterti kuukuu na kuzigonga chapa upya kwa thamani maradufu. Kabla karne haijaisha, sesterti ilikoma kutengenezwa.

Kaisari Diocletianus alijaribu kuziba pengo. Karibu mwaka 294 alitoa sarafu nzuri ya shaba ya gramu 10, iliyopakwa fedha kidogo juu. Mwaka 301 akatangaza bei za juu kabisa za bidhaa na huduma zaidi ya 1,000, na adhabu ya kuzivuka ilikuwa kifo. Katika orodha hiyo kibarua wa shambani anapangiwa dinari 25 kwa siku pamoja na chakula. Kibarua wa Injili alipata moja. Dinari yenyewe haikuwa ikitengenezwa tena. Lilikuwa jina la kuhesabia tu. Lactantius, mwandishi wa zama hizo, anasema bidhaa ziliadimika sokoni na bei zikazidi kupanda. Ile sarafu nzuri ya gramu 10 ilikuwa na gramu 3 hivi kufikia mwaka 318, na chini ya 2 kufikia 336.

Wakati shaba ikididimia, dhahabu ilikuwa imara. Kuanzia karibu mwaka 309 Kaisari Constantinus alitoa sarafu ya dhahabu iitwayo solidi, 72 katika kila ratili, na sarafu hiyo ilishika uzito na usafi wake hadi karne ya 11. Wasomi wa uchumi humsifu kwa hilo, na wana haki. Lakini kuna mwandishi mmoja wa karne ya 4, jina lake halijulikani, aliyeandika kitabu kidogo cha kuwashauri makaisari kuhusu majeshi na matumizi ya serikali. Yeye aliona upande wa pili. Alisema kwamba tangu dhahabu ilipomwagwa katika biashara badala ya shaba, nyumba za matajiri zilifurika na maskini wakagandamizwa. Aliyelipwa kwa dhahabu alilala usingizi. Aliyelipwa kwa shaba aliamka kila asubuhi akiwa na pungufu ya jana.

Maelezo hayo ndiyo yaliyonitoa nilipokuwa. Mpaka hapo nilikuwa nikiipima afya ya taasisi kwa jumla ya chini ya ukurasa: akiba kiasi gani, mikopo kiasi gani, faida kiasi gani. Roma ya Constantinus, kwa jumla ya chini ya ukurasa, ilikuwa tajiri. Ukitaka kujua hali ya mtu wa kawaida ndani yake ulipaswa kushika sarafu yake.

Nimerudi nyumbani na somo hilo. Kikundi chetu kina sanduku la kufuli tatu, daftari la hisa, mfuko wa jamii na faini za wachelewaji, kama vikundi vingine. Wapo wanachama wenye maduka na wapo wauza mchicha, samaki na vitumbua. Lilipoletwa pendekezo la kupandisha hisa moja kutoka shilingi 2,000 hadi 5,000 ili sanduku likue haraka, wenye maduka walishangilia. Mimi nilisimama kulipinga. Niliwasomea kutoka daftarini wanunuzi wa hisa moja moja, mmoja baada ya mwingine, nikawaonyesha kwamba hao ndio wasiokosa mkutano na ndio wenye marejesho safi. Mama mmoja muuza dagaa akaniuliza, "Dada mweka hazina, kumbe hii buku mbili yangu huwa mnaiona?" Nikamjibu, "Mama, siku hizi ndiyo ninayoianzia." Hisa ilibaki shilingi 2,000, na taarifa ya kila mwezi sasa huanza na idadi ya walioweka kiwango cha chini, kisha ndipo jumla ya sanduku.

Nimebadilika pia ninaposoma magazeti. Zamani habari ya mfumuko wa bei kwangu ilikuwa asilimia. Siku hizi nauliza fungu la mchicha, kiberiti na nauli ya daladala. Tanzania ilipotoa sarafu zake za kwanza mwaka 1966, senti 5 ilikuwa ya shaba yenye picha ya samaki, senti 20 ilikuwa na mbuni, senti 50 ilikuwa na sungura, na shilingi moja ilikuwa na mkono ulioshika mwenge. Hata hiyo shilingi moja leo huwezi kununulia kitu, ingawa mishahara, kodi na bajeti ya taifa zinahesabiwa kwa shilingi, kama Warumi walivyoendelea kuhesabu kwa dinari ambayo hakuna aliyeitengeneza. Silitaji hilo kumlaumu mtu. Fedha za nchi nyingi zimepita njia hiyo, na nyingine zimepita vibaya kuliko sisi. Nalitaja kwa sababu kijana anayeuza karanga mtaani anapaswa kulijua, na asipoelezwa atadhani ufukara wake ni uvivu wake.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa historia na wa biashara: mnapofundisha Roma, msiishie kwa majeshi na makaisari. Waonyesheni wanafunzi sesterti ya Hadrianus na ile sarafu ndogo yenye askari na mkuki, hata kwa picha tu, kisha waacheni wapige hesabu wenyewe. Nawaomba na waweka hazina wenzangu, wa kanisa, wa msikiti, wa kikundi na wa ushirika: mnaposoma taarifa mbele ya wanachama, anzeni na anayeweka kidogo kuliko wote. Mhazini asiyejua hali ya huyo hajui hali ya sanduku lake, hata kama jumla yake ni sahihi mpaka shilingi ya mwisho.